Mstari kwenye Chupa ya Maua ya Miwati

Pua yangu niliiamini kuliko macho. Miaka mingi nilikuwa mtunza maabara katika sekondari moja, na mwanafunzi akichanganya kitu asichoambiwa, mimi nilijua nikiwa bado nje kwenye varanda. Walimu wa kemia walikuja na kuhama, na kila mpya aliambiwa siku ya kwanza: yule mama ana pua. Nikavimba kichwa kwa ajili ya pua, kama wengine wanavyovimba kwa ajili ya gari.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Njombe, upande wa kwenda Kifanya. Sikuolewa wala sikuzaa. Hayo watu wa kwetu wameshayasema wee mpaka wamechoka wenyewe. Miezi ya mwanzo niliamka alfajiri kama mtu anayewahi kengele, nikavaa sweta mbili, nikakoka moto, nikaketi. Ukungu umesimama mpaka dirishani. Sina hata wa kumwambia kwamba chai imechemka. Jamani, nilikuwa mpweke. Sitazunguka maneno. Kuna siku niliongea na kuku, na kuku wenyewe walikuwa wa jirani.

Ndipo nikaingia mambo ya manukato. Kwenye simu nilimwona mwanamke mmoja akiloweka maua kwenye spiriti ndani ya chupa. Anayafungia gizani wiki kadhaa, anayachuja, anatia maua mengine kwenye spiriti ileile, mpaka spiriti inashika harufu ya ua lenyewe. Nikasema, kha! Kumbe ni maabara tu hii. Watu wa pwani wana udi na asumini yao, sisi wa baridi tunaambiwa tunanuka moshi. Lakini aliyesema hivyo hajapita huku miwati ikiwa imechanua, kabla mvua hazijaanza, vile vijipira vya njano vimejaa mti mzima. Harufu yake ni ya asali na poda ya mtoto. Nilitaka kuiweka ndani ya chupa, niwe nayo hata mwezi wa saba wakati vidole havikunjiki kwa baridi.

Spiriti ile ya zambarau ya kuwashia jiko haifai, ina sumu. Niliagiza ile safi ya maabara, isiyotiwa rangi, kwenye duka moja la Makambako linalouzia shule vifaa. Mwaka wa kwanza nililoweka maua mabichi. Yakatoa maji, spiriti ikawa na ukungu na harufu ya majani yaliyolala. Niliimwaga bustanini nikiwa nimenuna.

Mwaka wa pili mdogo wangu akaja.

Ni kitinda mimba wetu, nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori la magogo, na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ukamla. Kazi ikaondoka. Mke wake akavumilia, akavumilia, mwisho akafunga virago, akachukua watoto wawili akaenda kwao Lugarawa. Yeye akaja kwangu siku ya mvua, mfuko mmoja wa nailoni mkononi, ametota, anatetemeka. Nilimkogesha kwa maji ya moto kama alivyokuwa mdogo. Asubuhi nikampa sharti moja tu: kila jioni, kabla hajavuka kizingiti, nitamnusa.

"Utaninusa, dada?"

"Nitakunusa. Na siku nikikuta pombe, hapa si kwako."

Akakubali. Wala si kwa ajili yangu. Mke wake alikuwa amesema harudi kwa maneno ya mlevi, lakini mume akimaliza mwaka mzima bila pombe, mimi nimpigie simu niseme kwa mdomo wangu. "Wewe ndiye mwenye pua, wifi," aliniambia. "Ukisema hajanywa, hajanywa." Basi ikawa mke wake na watoto wake wananing'inia kwenye pua yangu, nami nikaona fahari. Mimi nami nilikuwa na langu, na sikumwambia mtu. Nilitaka abaki. Hata mke akirudi, warudi wote hapahapa, vyumba vipo, watoto wapige kelele mpaka niombe kwenda mjini kupumzika.

Utaniuliza, mtu anayepambana na pombe unamweka nyumba moja na spiriti? Mzee wa kanisa aliniuliza hivyohivyo mlangoni, nikamjibu kwamba kabati lina kufuli na ufunguo uko shingoni mwangu, na kama ana swali jingine aje na chai yake. Mdomo wangu hauna breki. Kabati lenyewe alilitengeneza mdogo wangu kwa mabaki ya mbao za msindano, maana alikuwa amepata kibarua kwa fundi seremala mjini. Alilipiga randa, akalipaka mafuta, akanikabidhi kufuli kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi ya harusi.

Na jioni zetu zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Kama saa kumi na mbili hivi nilisikia hatua zake, nikafungua mlango kabla hajabisha. Yeye mrefu, mimi mfupi. Aliinama akanipulizia: "Haa!" Nami nikamwambia alichokula. Umekula kande. Umekula viazi vya kuchoma, tena bila chumvi. Umepita kwa yule mama wa chai ya tangawizi. Sikukosea hata mara moja. Alicheka akasema serikali ilinikosa, ningefungwa kamba wakanipeleka mpakani kunusa mizigo. Halafu aliingia jikoni akapika maharage, maana maharage yangu mimi hayaliki, na yeye aliyapika na karoti na kitunguu mpaka mchuzi unasimama.

Miwati ikachanua tena, na yeye alikuwa amefikisha mwezi wa kumi. Tulikwenda pamoja. Yeye alipanda, mimi nikakinga shuka chini. Safari hii nilikuwa nimejifunza, sikutaka maua mabichi. Alinitengenezea chekeche za kuanikia, tukayakausha kivulini juu ya dari ya jiko mpaka yakawa mepesi kabisa. Jumamosi mchana nikayashindilia kwenye chupa tatu kubwa za mdomo mpana, nikamimina spiriti mpaka ikayafunika, nikachukua kalamu ya wino mzito nikachora mstari kwenye kioo, usawa wa spiriti. Mazoea ya maabara hayo, kila kitu lazima kiwe na mstari na tarehe.

Alisimama nyuma yangu akiangalia. "Hayo maua yako yana raha," akasema. "Yanalewa na hakuna wa kuyatenga na kanisa."

Tulicheka mpaka nikashika ukingo wa meza. Kicheko hicho bado nakisikia.

Jumapili nilibadili nguo haraka nikaenda kanisani, na ufunguo nikausahau kwenye msumari wa bafuni. Niliukumbuka wakati wa sadaka. Yeye siku hiyo alibaki nyumbani, kifua kilimbana. Sikujali sana.

Jumatatu jioni nilifungua kabati ili nizitikise chupa. Loo! Mstari uko juu, spiriti iko chini. Vidole viwili vizima, na chupa zote tatu hivyohivyo. Damu ikanichemka palepale. Nilifungua vifuniko nikanusa, nikachovya kidole, nikamimina nyingine kidogo ili maua yasikae makavu, mkono ukatota. Nilikuwa bado nimesimama pale nahesabu masaa ya jana nilipokuwa kanisani, nikasikia hatua zake.

Akainama kama kawaida. "Haa!"

Nikamshika kidevu nikamvuta chini. Nikanusa. Spiriti. Ilinipiga usoni.

"Umekunywa," nikamwambia.

Akacheka. "Nimekunywa chai, dada. Kisia ya nani."

"Umekunywa spiriti yangu."

Alidhani ni utani. Nilimkokota mpaka kabatini nikamwonyesha mstari. Aliangalia chupa, akaniangalia mimi, na nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogokidogo. Akaapa kwa kaburi la mama. Nikamwambia amwache mama apumzike. Akasema labda zinavuja. Nikapangusa chini ya chupa kwa kiganja nikamwonyesha pakavu. Akasema jambo moja tu la mwisho, kwa sauti ndogo: "Ninuse tena."

"Sinusi mara mbili. Pua yangu haikosei."

Mdogo wangu hakubishana zaidi. Aliingia chumbani, akatoka na mfuko uleule wa nailoni aliokuja nao. Akaacha mezani maharage makavu aliyokuwa amenunua mjini, ya kupika kesho, akatoka. Mimi nilisimama na hasira zangu. Hata hazijapoa nikachukua simu nikampigia mke wake Lugarawa. Nikamwambia: usijisumbue kungoja mwaka, amerudi kulekule. Nikasikia mtoto nyuma yake anauliza ni nani. Kisha akasema, "Asante kwa kutonificha, wifi," akakata.

Nikajiona nimetenda haki. Mh! Haki.

Wiki iliyofuata nyumba ikarudi kuwa kubwa. Saa kumi na mbili nilijikuta nimefungua mlango na nje hakuna mtu. Nilikula ugali na mboga, kesho mboga na ugali. Hasira ilinisaidia kwa siku nane au tisa, halafu ikaisha, na chini yake hakukuwa na kitu cha kushika. Nilimkumbuka. Lakini kumpigia? Mimi? Aliyenywa ni yeye, basi aanze yeye.

Jumamosi moja nikatamani maharage. Kumbe tangu aje sikuwahi kuloweka maharage kwa mkono wangu, kila siku aliloweka yeye. Nilichukua bakuli la kioo, nikatia vikombe viwili kwa mazoea ya watu wawili, nikamwagia maji mpaka yakafunika, nikaenda zangu. Jumapili asubuhi naingia jikoni nimeshavaa za kanisani. Maharage yamejitokeza juu, ngozi zimekunjamana. Maji yameshuka vidole viwili.

Nilisimama nimeshika kitabu cha nyimbo.

Kila mwaka, miaka yote ile, kidato cha kwanza wakija maabara kwa mara ya kwanza, ni mimi niliyewaandalia jaribio hilo. Maharage makavu kwenye bilauri, maji, mstari wa kalamu. Kesho yake mwalimu anainua bilauri darasa zima lione, anauliza, "Haya, nani amekunywa maji?" Watoto wanaangaliana, wanasingiziana, wanacheka. Kisha mmoja anang'amua kwamba ni maharage. Nilikuwa nikisimama pembeni na taulo begani, nikitabasamu kwa ujinga wao.

Maua makavu. Niliyakausha mimi mwenyewe.

Lakini nikajishikilia. Nikasema, sawa, mstari umenidanganya, je, harufu? Nilinusa spiriti kinywani mwake, sikuota. Nikaenda kabatini na nguo zangu za kanisani, nikafungua chupa, nikachovya vidole kama siku ile, nikafunga. Nikajishika kidevu mwenyewe. Nikapumua.

Spiriti. Ilinipiga usoni vilevile, nami sijaonja pombe tangu kipaimara changu.

Kanisani sikwenda. Nilikaa sakafuni mbele ya kabati alilonitengenezea, nikalia kwa sauti, na kwa kuwa hakuna mtu wa kunisikia, nililia nilivyotaka.

Simu yake ilikuwa haipatikani. Ni yule fundi seremala aliyeniambia kwamba yuko Makambako, kwenye uwanja mmoja wa mbao, anapakia malori. Jumatatu nikapanda gari la asubuhi. Makambako upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la mbao mpaka watu wanatembea wamefumba jicho moja. Nilimwona kabla hajaniona, amekonda, amejifunga kitambaa kichwani. Aliponiona aliweka ubao chini, akaja taratibu.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kibena chetu, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikauka.

Hakuitikia. Aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, akapumua. Si ile "haa" ya kuchezea. Pumzi tu, ndefu.

"Nusa kwanza," akasema. "Si ndicho ulichokuja kufanya?"

Nikanusa. Mungu anisamehe, nilinusa.

"Chai ya tangawizi," nikasema. "Na chapati."

"Basi." Akasimama wima.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalipotoka, yalitoka kama somo. Nikamweleza kwamba maua yakikauka yanafyonza, kwamba nilipaswa kusubiri siku moja ndipo nichore mstari, kwamba mkono wangu ulikuwa umetota nilipomshika kidevu. Nikamweleza na maharage. Yote nilieleza, tena kwa utaratibu. Neno moja tu lilibaki, na yeye alikuwa analingojea, nilimwona analingojea. Mimi mkubwa wake. Mimi mwenye pua. Halikutoka.

"Umefunga safari kutoka Njombe," akasema, "kuja kunieleza habari za maua."

Tukakaa kwenye gogo. Akaniambia kwamba usiku ule nilipomfukuza alipita mlangoni pa kilabu cha ulanzi mara tatu. Kwenda, kurudi, kwenda. "Sikuingia," akasema. "Na hapakuwa na mtu wa kuninusa, dada." Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Kisha akatoa simu mpya ndogo mfukoni, akaniambia nimpigie mke wake, nimweleze. Tuliweka sauti ya wazi ili naye asikie. Nikamweleza wifi yangu maua, mkono, maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho. Upepo ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Wifi," akasema, "siku ile nilikuuliza hata swali? Nilikuamini mara moja. Watoto niliwaambia palepale. Leo unaniambia pua yako ilikosea. Sasa niamini lipi, la siku ile au la leo?"

Mdogo wangu aliichukua simu, akaondoa sauti ya wazi, akasogea mbali kidogo akaongea naye mwenyewe. Aliporudi alisema mke wake ataanza kuhesabu mwaka upya, kuanzia siku aliyotoka kwangu. Safari hii hatamuuliza mtu. Atakuja mwenyewe Makambako akae naye, aone kwa macho yake.

"Rudi nyumbani ungojee kule," nikamwambia. "Chumba chako sijakigusa. Sitakunusa tena."

"Utaninusa," akasema. "Hutafumbua mdomo, lakini utaninusa." Akanisindikiza mpaka stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akasubiri mpaka gari likaondoka. Malezi mazuri yale, nilimlea mimi.

Ile spiriti ya miwati imeiva sasa. Nimeichuja, nimekamua maua kwa kitambaa, na yalitoa karibu yote yaliyokunywa. Ni nzuri kuliko nilivyotegemea, asali kabisa, na chini yake kitu kama mbao mbichi. Sijaipaka hata tone. Kabati nimelifunga, na ufunguo nimeurudisha kwenye msumari wa bafuni, maana hakuna wa kumfichia.

Jumapili jioni huwa ananipigia. Tunaongea mambo ya hali ya hewa, mbao, miguu yangu. Maharage nimejifunza kuyapika, nikamwambia, akaniuliza kama natia karoti. Mimi nina simu sikioni na mlango uko mbele yangu umefungwa.

Jumapili iliyopita, kabla ya kuaga, nikasikia: "Haa!" Ile ya zamani. Ilikuja kwenye simu, haina harufu ya chochote. Nilifumba macho nikavuta pua kama mjinga.

"Chai ya tangawizi," nikasema.

"Umekosea, dada. Maji matupu."

Nilikaa nimeishika simu kwa mikono miwili.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikosea, mdogo wangu. Nilikukosea."

Hakusema kitu. Lakini hakukata.